Mafuta ya Jicho na Msimu wa Pamba

Watu wakiniona napapasa ukuta wanasema ni mipango ya Mungu. Mimi nakataa. Mungu hakuwepo kwenye kile kikao. Walikuwepo kaka yangu, shangazi yangu na fundi mmoja wa injini, na kabla yao walikuwepo mwalimu na daktari. Majina yao siandiki, kwa sababu wengine wana watoto, na watoto hawana kosa. Lakini kila mmoja nitamtaja kwa kazi yake, na akisomewa atajijua.

Naanza na mwalimu. Nilizaliwa na macho ya karibu. Kitu kikiwa kiganjani nakiona mpaka vumbi lake, kikisogea hatua mbili kinageuka moshi. Mwalimu wa darasa la tatu aliandika hesabu ubaoni akaniita nisome. Nikasogea mpaka pua ikagusa chaki. Darasa likaangua kicheko.

"Unasoma au unanusa?" akauliza, akanichapa.

Baada ya hapo jina langu likawa Mnusa Ubao, na fimbo ikawa kama uji, haikosi asubuhi. Baba akachoka kuitwa shule. Akasema kichwa changu hakishiki kitu, heri nikachunge. Nikachunga, ng'ombe wakaingia kwenye mihogo ya watu mimi nawatazama bila kuwaona, nikachapwa tena. Katika watu wazima wote wale hakuna aliyetamka neno miwani. Miwani ilikuwa ya mapadri na makarani.

Macho ya namna yangu, nilikuja kuambiwa baadaye, ni marefu kuliko ya watu, na pazia lake la nyuma, lile linaloshika picha, limevutwa likawa jembamba. Likipasuka linabanduka kama karatasi ukutani. La kushoto lilibanduka nikiwa kijana. Mganga alinipulizia unga, zahanati ikanipa dawa ya matone, jicho likafa huku kila mtu akinitibu. Nikabaki na la kulia.

Kwa jicho hilo moja nilipata kazi, nayo niliipenda. Nilikuwa mpakaji mafuta katika kiwanda cha ushirika cha kuchambua pamba. Unazunguka na kopo lenye mdomo mrefu, unatia mafuta kila panapozunguka chuma. Kazi hiyo haitaki mtu wa kuona mbali. Inataka anayesogeza uso mpaka kwenye beringi na kusikia kama inalia. Fundi mkuu alinifundisha mwenyewe. Alikuwa na msemo wake: "Mashine haiuawi na kazi, inauawa na ukavu." Aliurudia hata kwenye harusi za watu, tukacheka.

Siku moja nikiwa nimeinama kwenye mashine niliona cheche, nikadhani ni za mota. Nikafumba jicho, cheche zikabaki. Halafu masizi yakaanza kuelea, na kivuli kikapanda kutoka chini kama maji yanavyopanda kwenye karai. Nilikijua kile kivuli. Nikaweka kopo chini, nikashika bomba, nikaenda nyumbani Nyakato kwa mwendo wa mlevi.

Mke wangu hakuuliza maswali mengi. "La kwanza liliachwa kwa wazee wako," alisema, "hili haliachwi." Hatukuita ukoo. Hatukumwarifu kaka. Kesho yake tulikuwa ndani ya basi kwenda hospitali moja ya misheni, mbali, safari ya kutwa nzima, kwa sababu tulisikia kuna daktari wa mapazia ya macho anakuja huko mara mbili kwa mwaka, na wakati huo alikuwepo. Bahati yangu katika maisha ni hiyo tu.

Alikuwa mgeni mwenye Kiswahili kilichonyooka kama cha kwenye vitabu. Alinipasua. Alitoa ute uliomo ndani ya jicho, akalirudisha pazia mahali pake, akalichoma kingoni kwa mwanga ili lishike, kisha akalijaza jicho mafuta. Si ya kupikia wala ya gari, ni mafuta meupe ya maabara, mazito, yanayopitisha mwanga. Alitueleza mimi na mke wangu hivi:

"Umeona mtu anayebandika karatasi ukutani, anaishikilia kwa kiganja mpaka gundi ikauke? Mafuta ndiyo kiganja. Gundi ikikauka, kiganja lazima kiondoke."

"Itakauka lini?" mke wangu akauliza.

"Miezi kadhaa. Nitaangalia. Tukiondoa mapema, pazia litaanguka tena, na jicho ni moja."

Maneno hayo ya mwisho aliyasema polepole, akitutazama. Kwamba mafuta yakikaa mno nayo yanaua, hilo alilisema pia. Mke wangu anaapa alilisema. Lakini alilisema akiwa ameshasimama, nesi ameshaita mwingine, foleni imejaa mpaka uani. Mizani yake iliegemea upande mmoja, na sisi tulirudi nyumbani na upande huo tu: yasitoke mapema. Daktari, hapo ndipo ninapokuandika.

Sharti lilikuwa nilale kifudifudi na nikikaa niinamishe uso, kwa sababu mafuta yanaelea, na yakielea yanalikandamiza pazia lililo nyuma. Wageni wakaja kunipa pole. Nikawa nawajua kwa miguu. Shangazi alitoka Magu na kuku, akakuta mtoto wa kaka yake ameinama chini hata kumtazama hamtazami.

"Shikamoo shangazi," nikaiambia sakafu.

"Marahaba. Unaongea na ardhi siku hizi? Waliolala huko wakikujibu utuambie."

Watu wakacheka, mimi nikacheka, mke wangu akasema, "Shangazi usimchekeshe, ameshonwa." Lakini shangazi alipokaa alinuna. "Mtu wetu ameingizwa kisu na sisi hatukukaa," alisema. "Nilisikia sokoni. Sokoni, kama bei ya dagaa." Kwetu mtu hapasuliwi mpaka wakubwa wa ukoo wakae. Deni hilo la heshima alilibeba akarudi nalo Magu, na alikuja kulidai.

Niliporuhusiwa kuinua uso, jambo likatokea ambalo hata sasa silielezi vizuri. Nilisimama mlangoni, nikaona mawe ya mlimani. Maisha yangu yote yale mawe yalikuwa vivuli vya kijivu. Sasa niliona nyufa zake, mti ulioota katikati ya ufa, mwanamke anaanika nguo chini yake, na nguo ile ina maua. Nikapanda hadi pale ambapo ziwa linaonekana kati ya mapaa. Nilikuwa nimezaliwa kando ya lile ziwa na sikujua kwamba mawimbi yana mistari. Nililijua kama mng'ao na harufu. Nikakaa kwenye jiwe, mtu mzima na ndevu zangu, nikalia, na nikaogopa machozi yasije yakatoa mafuta.

Daktari alieleza baadaye kwamba mafuta yanapinda mwanga tofauti na ute wa asili. Kwa mwenye macho mazima ni usumbufu, kwa macho marefu kama yangu yanasawazisha. Vitu vya karibu vilipotea. Mke wangu alinicheka: "Unaona Ukerewe, huoni kijiko." Na kweli, mchele wenye mawe niliutafuna hivyohivyo.

"Yakitolewa utarudi kama zamani," daktari alisema, "lakini tutakupa miwani, na utaona mbali vilevile."

Nani angeamini? Tangu utoto dunia nzima ilikuwa imeninyima miwani.

Aliporudi zamu yake ya pili aliniangalia muda mrefu kwa taa yake. Akasema sehemu ya chini bado haijashika vizuri. Akaongeza kuchoma. "Bado," akasema. "Tusiharakishe." Tulirudi na "bado" yake kama zawadi.

Wakati huohuo kazi ilikuwa imekufa. Soko lilikuwa limefunguliwa, makampuni yakaja na malori na mifuko ya fedha taslimu, na mkulima gani atamngoja karani wa ushirika wa kulipa mwezi ujao? Kiwanda kilikosa pamba. Mkanda wa mwisho ulizimwa tukiwa tumesimama tunautazama. Tulipunguzwa, neno zuri hilo, kana kwamba mtu ni nywele. Fundi mkuu akafungua kibanda cha kutengeneza mashine za kusaga. Mimi nilirudi Magu kwa kaka.

Kaka yangu ndiye mkubwa wetu tangu baba afe. Alikuwa amepata uwakala wa kampuni moja ya pamba, ana mizani, turubai na dirisha la mbao kando ya barabara. Mtu mwepesi wa kucheka, kila mtu alimpenda. Siku ya kwanza tulikuwa tumesimama nje, nikamwambia, bila kuwaza lolote, "Lori linakuja, la bluu, limepakia majunia matupu."

"Wapi?"

"Kule, kwenye kona ya pili."

Alikodoa macho, hakuona kitu. Tulingoja. Lori likatokea, la bluu, na majunia matupu, la kampuni shindani. Kaka akanigeukia kwa namna ambayo hajawahi kunitazama.

Ndipo nikawa na kazi mpya. Nyuma ya kituo kulikuwa na jabali. Nilikaa juu yake na kitambaa. Nikiona lori la washindani natikisa, kaka anapandisha bei kidogo kabla halijafika, wakulima wanabaki kwetu. Nikiona barabara tupu, bei inashuka. Kaka akawa ananiita Darubini. "Jamani, wenzetu wana redio za upepo, mimi nina jicho la ndugu yangu," aliwaambia watu, akinishika bega. Mnusa Ubao amekuwa Darubini. Ningekuwa mwongo nikisema sikufurahi. Ni nani asingefurahi?

Zamu ya tatu ya daktari iliangukia kabla tu ya ununuzi wa msimu mpya kuanza. Mke wangu alinipeleka. Safari hii daktari alizima taa yake akatabasamu.

"Ukuta umekauka. Pazia limeshika kote. Sasa tutoe."

Alitaka kunilaza siku zilezile. Mimi nikasema sharti ukoo ukae, kwa sababu mara ya kwanza tuliwapita na shangazi hajasahau. Akakunja uso, akasema bado yupo kwa muda, twende tukarudi haraka, kwa sababu akishaondoka hatarudi mpaka msimu mwingine. "Usikae nayo mpaka nirudi," alisema. Hapo alilisema vizuri, namsamehe robo.

Kikao kilifanyika uani kwa kaka. Shangazi kwenye kiti cha mgongo, kaka kwenye kigoda, na fundi mkuu, ambaye kaka alimtoa mjini kwa makusudi, kama mtaalamu wa mafuta. Nacheka nikiandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Katika ukoo wetu wote hakuna mtu aliyewahi kuyajua mafuta kuliko yeye.

"Mzee," kaka akamwambia, "tueleze. Kitu kinafanya kazi vizuri, kimetiwa mafuta. Unayatoa?"

"Unayatoa ili utie mengine," fundi akajibu. "Wanatia mengine?"

"Hawatii," nikasema. "Wanatia maji ya dawa."

"Maji!" Akajipiga kofi gotini. "Injini unaitoa mafuta unaitia maji? Itanoki siku hiyohiyo. Kijana, mimi nilikufundisha nini?"

Na mimi, mwanafunzi wake, nikajibu kama zamani: "Mashine inauawa na ukavu."

"Basi kikao kimekwisha," akasema shangazi, na watu wakacheka.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake. Aliinuka, akapiga goti kwa heshima, lakini sauti yake haikupiga goti. "Shemeji, na shangazi, na wewe mzee wetu. Jicho si injini. Daktari alisema mafuta ni kiganja kinachoshikilia. Karatasi imeshika. Mtu gani anaendelea kushikilia ukuta uliokwisha kukauka?"

"Mbona mwanzo alisema yakitoka pazia linaanguka?" kaka akauliza.

"Alisema yakitoka mapema."

"Na nani anajua mapema inakwisha lini? Mwenyewe juzi alisema bado. Leo anasema sasa. Kesho?" Kaka alisema taratibu, akitabasamu, kama mtu anayemtetea mdogo wake. "Shemeji, jicho ni moja. Tungoje tuvune na tuuze, halafu mimi mwenyewe nitampeleka. Mkono huu utamshika." Akaonyesha mkono.

"Daktari atakuwa ameondoka."

"Atarudi. Wazungu wanapenda kurudi."

Shangazi akamkata mke wangu kabla hajajibu. "Mwanangu, mara ya kwanza ulimbeba mtu wetu bila kutuuliza, tukanyamaza. Leo tumeulizwa, tumejibu. Sasa hutaki jibu?"

Wote wakanigeukia mimi. Watu husema mwenye macho haambiwi tazama. Niliangalia juu ya vichwa vyao, nikaona kilima cha mbali na ng'ombe wakishuka, niliweza kuwahesabu. Nikasema, "Wakubwa wamesema."

Mke wangu alikunja khanga yake akaingia jikoni. Hakunilaumu siku ile wala baadaye, na hilo ndilo linaloniuma kuliko maneno.

Msimu ule ulikuwa mkubwa. Nilikaa juu ya jabali tangu jua likiwa chini mpaka kituo kinafungwa, vumbi jeupe la barabara, vumbi jeupe la pamba. Kaka aliezeka nyumba. Mimi nilikuwa nikiona malori.

Kisha taa za malori zikaanza kuvaa upinde wa mvua. Nilifikiri ni vumbi. Kisha nyusi ikawa inauma asubuhi. Kaka akasema ni jua, akaninunulia kofia. Asubuhi moja mke wangu alikuwa ananiosha uso, akasimama na kitambaa mkononi.

"Angalia juu. Hapana, usiangalie, tulia." Akasogea. "Kuna povu ndani ya jicho lako."

"Povu wapi?"

"Juu ya mboni. Mstari mweupe, kama povu la sabuni kwenye beseni. Liko ndani, halifutiki."

Mafuta yanaelea. Yakichoka yanakatika vipande vidogovidogo, vinapanda juu, vinaziba njia ambayo maji ya jicho hutokea. Presha inapanda, na presha inaua mshipa unaokwenda kwenye ubongo. Hiyo nilielezwa baada ya mshipa wenyewe kufa. Nilikwenda kwa kaka siku hiyohiyo, nikamwambia muda umefika wa ule mkono aliouonyesha.

"Wiki hii ya mwisho tu, Darubini," akasema. "Malori yanapigania mabaki. Wiki hii tu."

Mke wangu hakumngoja. Alinipeleka kama mara ya kwanza, bila kikao. Daktari wa mapazia hakuwepo. Daktari wa macho wa pale alinipa dawa za kushusha presha, akatuma ujumbe, tukasubiri wodini nikishuhudia dunia ikifungwa kutoka pembeni, kidogokidogo, kama mtu anayefunga mdomo wa gunia. Yule mgeni alipofika aliyatoa mafuta. Mke wangu aliyaona. Anasema yalitoka kama maziwa yaliyokatika.

Na pazia? Pazia lilibaki palepale. Halikuanguka. Halijaanguka mpaka leo. Daktari alinionyesha mchoro kwa kidole kiganjani mwangu: ukuta mzima, karatasi imara, kila kona. "Lilikuwa tayari," alisema. "Lilikuwa tayari tangu ile siku." Kisha akasema mshipa umekufa na mshipa hauoteshwi. Miwani alinipa vilevile, kwa kutimiza ahadi nadhani. Nimeiweka kwenye kabati.

Nimebakiwa na kitundu, mfano wa tundu la funguo, na kwa kuwa macho ya karibu yamerudi, kitundu hicho kinaona tu kilicho mbele ya pua. Haya nayaandika kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi, herufi moja moja, uso kwenye karatasi. Nanusa ubao tena. Ziwa limerudi kuwa harufu.

Kaka alikuja kuniona Nyakato, na sukari, na kitenge cha mke wangu. Alikaa, akavuta pumzi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Pole. Ndiyo hivyo, binadamu tunapanga, Mungu naye anapanga."

Nikamwambia asogee nimwone. Akasita, akasogea. Nikamshika mashavu kwa mikono yote miwili, nikamvuta mpaka pumzi yake ikanigusa. Katika kitundu kile uso wa mtu hauenei. Unachagua kipande. Nilipita paji la uso, nikapita jicho moja, lilikuwa zima na lilikuwa linapepesa, nikashuka kwenye mdomo nikabaki hapo.

"Sema tena," nikamwambia.

Mdomo ulifunguka kidogo, ukafumba. Nilingoja. Mke wangu alikuwa mlangoni, naye alingoja. Na mimi sikumwachia.